Ulimi unasingiziwa

Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nne na kubanwa kwa pini kwenye kola ya sweta. Mwenye sweta, binti wa darasa la pili, alijibanza nyuma ya mama yake akichungulia rafu yangu ya midoli. Nikakifungua. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa umenyooka kabisa, wino mwekundu: "Mtoto huyu ana ulimi mzito. Tunaomba akatwe."

Mama alikuja amejiandaa. Alibeba kanga ya kumfunika mtoto akishakatwa, chupa ya chai, na noti ya elfu kumi iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Walitoka upande wa Uyole saa kumi na mbili asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa tano, na baridi ya Mbeya wakati huo mnaijua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mtoto asisikie: "Dokta, unachoma ganzi kwanza au unakata hivyo hivyo?"

Mimi si daktari na sikati mtu. Mkasi pekee ulio kwenye droo yangu ni wa karatasi. Nikampa binti kijiko chenye tone la asali, nikamwambia alambe. Akalamba. Nikampaka kidogo juu ya mdomo, akaifuata. Kona ya kulia, akaifikia. Kona ya kushoto, akaifikia. Ulimi mwepesi kama wa mjusi. Mama alikuwa anatazama, nami nikamwacha atazame, maana maneno yangu matupu yasingemshinda mwalimu aliyeandika kwa wino mwekundu.

Kile kiuzi kilicho chini ya ulimi ni kweli huwa kifupi kwa baadhi ya watoto. Kikiwa kifupi sana kinaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na baadaye kikamsumbua kwenye sauti chache zinazotaka ncha ya ulimi ipande juu. Lakini kiuzi hakimzuii mtoto kujua jina la kitu. Hakimfanyi asielewe akiambiwa lete maji. Mtoto asiye na maneno, ukimkata ulimi utabaki na mtoto asiye na maneno, mwenye kidonda.

Niwaeleze kazi yangu, maana hata shangazi yangu wa Tukuyu huwaambia watu kwamba nafundisha mabubu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Nilianza nikiwa mwalimu wa darasa la awali, nikaenda Patandi kule Arusha kusomea elimu maalumu, kisha Kampala, Makerere, ambako fani hii inafundishwa tangu 2008. Siku mbili kwa wiki niko kliniki mjini, siku tatu nazunguka shule nne: mbili hapa Mbeya, moja Mbalizi, moja Rungwe. Kina mama huniita dokta wa kuongea. Watoto huniita madamu wa kioo, kwa kuwa sitembei bila kioo. Walimu walikuwa wananidhania mkaguzi. Nikionekana getini, mtu anakimbia kuficha fimbo.

Marekani mtu wa kazi yangu ni sehemu ya shule kama alivyo mwalimu wa hesabu. Zaidi ya nusu ya wenzangu wa huko wamo kwenye elimu, na nyuma yao kuna sheria ya mwaka 1975 iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma shule za umma, kila mmoja na mpango wake ulioandikwa. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tuna mkakati wa taifa wa elimu jumuishi, na mimi binafsi nina stoo. Ndiyo, stoo ndiyo ofisi yangu kwenye shule tatu kati ya nne. Majembe, nyavu za goli, magunia ya mahindi ya uji. Nikifundisha sauti ya s, panya ananiitikia kutoka nyuma ya gunia.

Nikifika shule mpya naanza na ombi moja: mwalimu wa darasa aniandikie majina ya watoto anaoona wananihusu. Kwenye shule ya yule binti nilifika mara ya kwanza mwezi wa pili, nikapewa majina saba kutoka darasa lenye watoto 87. Nikawaita mmoja mmoja stoo.

Wanne walikuwa wazima kama wewe na mimi. Kosa lao lilikuwa kusema "dalasa", "lafiki" na "sawadi".

Jamani. Mimi ni Mnyakyusa, na Kinyakyusa cha bibi yangu hakina r wala z. Kina vitu vingine: kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano, na hakuna anayetuandikia barua mwalimu wa Dar es Salaam akishindwa kuzitofautisha. Nilipofika Kampala nilijisikia niko nyumbani, kwa sababu kwenye Kiganda l na r zinapishana kufuatana na irabu iliyotangulia. Mganda haoni kama ni sauti mbili. Mtoto aliyelelewa na bibi Kyela akaja kusoma mjini analeta masikio ya Kyela. Unaweza kumfundisha r, sikatai, hasa akitaka kusoma taarifa ya habari. Lakini huo ni ufundishaji wa Kiswahili. Tiba ni kitu kingine.

Njia ya kutenganisha haya mawili ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Hitilafu ya kweli ya lugha haichagui lugha. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzazi ni: nyumbani, kwa lugha yenu, anaeleweka? Kama kwa Kinyakyusa anasimulia mpaka bibi anashika mbavu kwa kucheka, akija kwenye Kiswahili anasema "sukali", huyo haumwi. Huyo ana kwao.

Wa tano kwenye orodha alikuwa na kithembe kwa sababu alikuwa hana meno ya mbele. Nikamwandikia mwalimu: tungoje meno.

Wa sita alikuwa wangu kweli. Alizaliwa na mdomo wa sungura na kaakaa lililopasuka, akashonwa akiwa mdogo. Kovu la nje lilipona vizuri mno, lakini ndani hewa ilikuwa bado inatoroka, "baba" inatoka kama "mama", na wenzake wanamwita king'ong'o. Kwa kawaida kazi hii inataka kioo: unakiweka chini ya pua, mtoto anasema "papa, pipi, baba", na kioo kikipata ukungu ujue hewa inapita pasipotakiwa. Asubuhi moja ya miezi ya baridi hatukukihitaji. Tulisimama nje saa moja na nusu, baridi inakata, tukasema "pa" pamoja. Yangu ilitoka mdomoni donge moja, kama moshi wa treni ya TAZARA. Yake iliteremka kutoka puani, michirizi miwili myembamba. Aliitazama akaelewa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Akasema tena "pa", akainama kuangalia, akasema tena. Huyo nilimwandikia arudi kwa madaktari wa upasuaji kwanza, maana mazoezi hayazibi tundu. Mazoezi yanakuja baadaye.

Wa saba alikuwa na kigugumizi kidogo, tukaelewana na mwalimu wake palepale.

Binti wa sweta hakuwemo. Siku ile alikaa dawati la tatu upande wa dirishani, na mimi nilipita mbele yake mara mbili kwenda na kurudi nikiwa na orodha yangu mkononi. Sikumwona. Alikuja kuonekana mwezi wa tano, shule ilipoanza kuhesabu nani anasoma na nani hasomi kwa ajili ya upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na yeye hakuweza kusoma hata mstari. Miaka miwili na zaidi shuleni, ukihesabu la awali, na hakuna aliyelalamika.

Nilimuuliza mama yake lile swali langu. Kwao wanaongea Kisafwa. Akafikiri kidogo. "Hata Kisafwa chake ni cha maneno machache, dokta. Sisi tulisema huyu ni mpole. Bibi yake ndiye anayempenda kuliko wote, anasema ndiye mtoto pekee mwenye adabu."

Hapo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi yangu inapoponyoka. Mtoto wa kiume akiwa na vurugu darasani, kesho yuko mlangoni kwangu. Mtoto anayekwama kwenye neno anaudhi sikio, ataletwa. Lakini msichana akinyamaza tunampa cheo. Tunamsifu. Anapokea wageni, anapiga goti, anasema "shikamoo" na hakuna anayemuuliza neno la pili. Anaweza kuishi hivyo mpaka darasa la saba akiwa hajaelewa nusu ya anachoambiwa, na cheti cha nidhamu akapewa.

Wiki iliyofuata nikaenda kukaa nyuma ya darasa lao. Mwalimu akasema, "Kabla hamjatoa daftari la hesabu, wekeni kalamu juu ya dawati." Watoto 87 wakaanza kuchakarika. Binti hakusogea. Macho yake yalikwenda kwenye mikono ya jirani wa kushoto, yakaenda kwa jirani wa kulia, ndipo naye akaweka kalamu. Halafu macho tena, halafu daftari. Alichelewa kwa muda wa kupepesa jicho. Kama humtazami yeye peke yake huwezi kujua. Nilihesabu kwa kipindi kizima: kila agizo, macho kwanza kwenye mikono ya wenzake. Mtoto wa miaka minane alikuwa amejitengenezea mkalimani wa bure.

Mapumziko tukacheza uwanjani, yeye na wenzake kama kumi, wote wamefumba macho. Shika pua. Wakashika. Shika goti. Wakashika. Kabla hujashika sikio, piga makofi. Makofi tisa yakalia. Yeye alikuwa ameshika sikio, amesimama hivyo, anasubiri.

Masikio yake nilikuwa nimeshayapima, na nitasema baadaye kwa nini siku hizi naanza na masikio. Ulimi ulikuwa mzima. Akili ilikuwa nzima: mama yake anauza viazi na huyu ndiye anayerudisha chenji, hakosei. Kilichokuwa kinavuja ni lugha yenyewe. Maneno yanaingia machache, hayakai, na sentensi ikiwa na mafundo mawili inamfungukia mikononi. Uingereza waliwapima watoto wa darasa la kwanza wakakuta hali hii kwa takriban 7 kati ya 100. Kwa kipimo hichohicho, darasa la watoto 87 lina kama sita. Mimi nilikuwa nimepata mmoja, tena kaletwa akatwe ulimi.

Sasa watu wakisikia tiba wanadhani nitamfungia stoo nimfanyie kitu. Wiki za kwanza ndicho nilichofanya, na haikusaidia sana, kwa sababu dakika thelathini kwa wiki na mimi haziwezi kushindana na saa ishirini na tano na mwalimu. Kwa hiyo nikahamia kwa mwalimu. Mwanzoni hakupenda. Ana watoto 87, ana masahihisho, halafu anatokea mtu na kioo anamwambia abadilishe sentensi zake. Ningekuwa mimi ningemfukuza.

Tulikubaliana mambo machache. La kwanza, agizo liende kwa mpangilio wa tendo. Badala ya "kabla hamjatoa daftari, wekeni kalamu," sema, "Wekeni kalamu juu ya dawati." Nyamaza. "Sasa toeni daftari." Mwalimu akajaribu siku hiyohiyo, akaniambia ajabu yake ni kwamba darasa zima limetulia. La pili, maneno magumu ya wiki yaletwe Jumatatu kama vitu vya kushika. Wiki ya usafirishaji tulikuwa na tairi la baiskeli, tiketi ya basi na kipande cha kokoto cha relini. La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni kungoja. Ukimuuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka saba kabla hujamhamia mwingine. Mwalimu aliniambia saba ni ndefu kuliko mahubiri.

Na la nne ni la mama, si la mwalimu. Binti alikuwa anasema "bibi pika ndizi". Mama alikuwa anamkaripia: sema vizuri! Nikamwambia asimsahihishe, amrudishie tu, kama anayekubali habari: "Eeh, bibi alipika ndizi. Alipika nyingi?" Mtoto anasikia umbo sahihi palepale alipolihitaji, bila kuaibishwa. Mama akaona ni mchezo wa kitoto. Akaufanya hata hivyo, akiwa anamenya viazi, kila jioni.

Nimesema nitaeleza habari ya masikio. Hii ni aibu yangu, nayo imetokea kwenye shule ya upande wa Mbalizi miaka minne iliyopita. Nililetewa mvulana anayedondosha s. "Amaki" badala ya samaki, "ukari" badala ya sukari. Nikafurahi, maana s ndiyo sauti ninayoipenda kuifundisha. Nikatoa kioo, nikatoa picha ya nyoka, nikamwonyesha meno yakutane hivi, ulimi ukae hivi, pitisha upepo. Wiki nane! Meno yalikuwa yanakaa vizuri, ulimi unakaa vizuri, na kinachotoka ni kimya. Nilianza kumwona mvivu. Niliandika kwenye faili lake, na faili bado ninalo, "hajitumi".

Wiki ya tisa nilikuwa na kikohozi, nikawa nafunika mdomo kwa daftari. Na kila nilipofunika mdomo, mvulana alikuwa ananiomba nirudie. Nikahisi jasho la baridi. Nikasimama nyuma yake nikamwambia anyooshe mkono akisikia sauti yoyote. "Aaa": mkono juu. "Uuu": juu. "Iii": juu. "Mmm": juu. "Shhh": mkono ukapanda nusu, ukasita. "Sss": hakuna. "Sss": hakuna. Hizo ni sauti sita za Ling, kipimo chepesi cha kusikia, kila anayesomea fani hii anafundishwa mapema kabisa, hazihitaji mashine wala umeme, na zinatumia dakika mbili. Niliziruka kwa sababu mtoto alikuwa anajibu nikimwita, nikaona anasikia. Alikuwa anasikia sauti nzito. Zile nyembamba za juu, s na f na ndugu zake, kwake hazikuwahi kuwepo. Kwa wiki nane nilikuwa namdai mtu kitu ambacho hajawahi kupewa.

Alipimwa hospitali, na baada ya miezi mingi ya kuzungushwa akapata vifaa vya kusaidia kusikia. Betri zake, ndogo kama kidonge, baba yake anaziagiza Dar kwa kumtumia kondakta wa basi. Siku ya kwanza amevivaa alinishika mkono akanipeleka dirishani, akaniuliza ile ni nini. Nikasikiliza, sikusikia kitu. Akaonyesha kwa kidole: fundi alikuwa anafagia baraza kwa ufagio wa chelewa. Sss, sss, sss.

Tangu hapo sianzi na ulimi. Naanza na masikio, kisha uelewa, kisha maneno, na ulimi unakuja mwisho, kama ukija. Na huku kwetu masikio yana maadui wengi. Mafua ya miezi ya baridi yanapanda sikioni, usaha unatoka, mama anaweka pamba, wiki tatu mtoto anasikia kama yuko ndani ya pipa, na hizo wiki tatu ndizo walizofundisha silabi za nga na ng'a. Rungwe ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ya mvua. Mnajua mvua ya Rungwe. Bati tupu bila dari, na mvua ya saa nne ikianza hapo hata mwenye masikio mazima anasoma midomo. Nilimshauri mwalimu mkuu mmoja kwamba mvua ikinyesha watu waache kufundisha kwa mdomo, waandike ubaoni au wafanye kazi za mikono. Alicheka. Akaniuliza kama nataka shule ifungwe mwezi wa pili mpaka wa tano.

Ni shule hiyohiyo ya Rungwe nilikokutana na kijana wa kwaya. Darasa la tano, kigugumizi kizito, kile cha kukwama kabisa: mdomo umefunguka, shingo imekaza, mguu unapiga chini, na hakuna kinachotoka. Adui yake mkubwa alikuwa neno "nipo". Mwalimu anaita majina, kila mtu anasema "nipo mwalimu", na likifika jina lake darasa zima linageuka kungoja burudani. Alikuwa anachelewa shule makusudi ili achapwe fimbo ya uchelewaji badala ya kuitwa jina. Alifanya hesabu akaona fimbo ni nafuu.

Watoto kama 1 kati ya 20 hupitia kigugumizi, wengi kinawaacha chenyewe. Ukubwani hubaki kama mtu 1 kati ya 100, na wanaume ndio wengi. Hakitokani na woga wala kuiga, na kumwambia mtu "tulia, vuta pumzi" ni sawa na kumwambia aliyeteguka mguu atembee vizuri. Kumshtua hakusaidii. Kummalizia neno ndiyo kabisa, nami nawajua watu wazima wanaodhani huo ni wema.

Kijana huyu Jumapili alikuwa anaongoza wimbo kanisani. Peke yake, mbele ya watu mia tatu, bila kukwama hata herufi. Akaniuliza, "M-m-madamu, kwa nini nikiimba halikwami?" Nikamweleza ninavyoweza: ukiimba maneno unayajua tayari, mapigo yanakuvuta, pumzi ni ndefu, na hakuna mtu anayesubiri jibu lako. Akafikiri. Akaniambia, akiimba kwa tuni ya wimbo wao wa Jumapili, kwamba basi kuanzia leo ataomba chai kwa kuimba. Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia.

Kuimba hakuwezi kuwa dawa ya kila siku, lakini kulitupa mlango. Akaanza kusoma kwa sauti pamoja na rafiki yake, wawili kwa mpigo mmoja, na kigugumizi kikalegea vilevile. Kwenye kuitwa majina tukapatana na mwalimu kwamba anyooshe mkono tu, naye mwalimu asiseme kitu. Tarehe 22 Oktoba, siku ya kigugumizi duniani, nilipata dakika kumi mstarini, na nilitaka nizungumze mimi. Yeye akakataa. Akasimama, akakwama, akakwama tena, shule nzima ikangoja, akasema jina lake lote na la ukoo. Hakuna aliyecheka. Sitasema amepona. Bado anakwama, ila siku hizi anafika shuleni mapema.

Kuna habari ya uji pia, nitaigusa tu. Kitengo cha elimu maalumu cha shule moja kina mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kila saa nne alikuwa anapaliwa, anakohoa mpaka machozi, na matroni alikuwa anamlaza kichwa nyuma ili uji "uteremke". Uteremke wapi? Ulikuwa unakwenda kwenye njia ya hewa. Tukamkalisha wima kwa mto na kipande cha ubao, kidevu kikainama kidogo, uji ukawa mzito, kijiko kikawa kidogo. Kumeza kunatumia misuli ileile ya kuongea, ndiyo maana ni kazi yangu. Matroni akanitazama: "Kumbe dokta wa kuongea ni dokta wa uji!" Sikumbishia.

Yule binti wa sweta sasa yuko darasa la tatu. Anasoma polepole, kwa kidole. Wiki mbili zilizopita nilimkuta uwanjani anawasimulia wenzake habari ya jogoo. Jogoo alikimbia, tukamkimbiza, akaingia kwa jirani, jirani akasema hajamwona, na sisi tukasikia anawika. Nilisimama nyuma ya mti nikihesabu: alikimbia, tukamkimbiza, akaingia, akasema, hajamwona, tukasikia. Viambishi vyote viko mahali pake. Kwenye "anawika" mwenyewe akapaza sauti, akawika.

Na Jumanne hii nikiwa kliniki aliingia bibi mmoja na mvulana mdogo wa darasa la kwanza, shule ileile. Sweta, kola, pini. Mwandiko uleule, wino mwekundu uleule. Nikakifungua nikiwa nimeshajiandaa kwa habari za kukata.

"Madamu, huyu hasumbui mtu yeyote. Anaangalia mikono ya wenzake. Masikio nimeyajaribu zile sauti sita, amenyoosha mkono zote. Nakuletea."

Nilikisoma mara mbili, nikakitia mfukoni. Mvulana alikuwa anatazama mikono yangu. Nikamuuliza kama amekunywa chai, nikaanza kuhesabu.